Nani Apitaye Uani Usiku?

Katika Logiri, na hata Koboko na mjini Arua penyewe, karibu kila boma lina kuku, na karibu kila mwenye kuku ana hadithi ya kuku aliyepotea usiku. Asubuhi watu huamka wakakuta manyoya mawili matatu penye mlango wa kibanda, na kesi huamuliwa kabla chai haijachemka. Mmoja husema ni paka-mwitu. Mwingine husema ni mbwa wa jirani. Wa tatu hunyamaza, lakini macho yake humwelekea kijana fulani aliyepita hapo jana jioni. Shahidi hapana hata mmoja, walakini hukumu hutoka, na adhabu yake mara nyingi ni sumu au tanzi la waya.

Somo letu la safari hii lahusu chombo kiwezacho kukaa macho usiku kucha badala yetu. Huitwa kamera ya mtego, ingawa haimnasi mnyama wala haimwumizi. Ni sanduku dogo, kubwa kidogo kuliko ngumi mbili, lifungwalo kwa mkanda katika shina la mti. Mnyama akipita mbele yake, hujipigia picha lenyewe. Tutaona lilikotoka, jinsi lifanyavyo kazi, mahali pa kulitega, na hasa jinsi ya kuusoma ushahidi wake. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kutega aweza mtu kujifunza kwa saa moja. Kusoma huhitaji akili iliyotulia.

Fikira yenyewe si mpya. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasheria mmoja wa Marekani, George Shiras, alifunga uzi katika njia za wanyama porini. Mnyama akiugusa uzi, unga wa magnesi huwaka kwa mwanga mkali, na kamera hupiga picha. Mwezi wa Julai 1906 gazeti la National Geographic lilitoa picha zake 74, na wasomaji wakaona kwa mara ya kwanza mambo yafanyikayo msituni wakati binadamu amelala. Karibu na miaka hiyo hiyo Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa akipiga picha za usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alisafiri na wapagazi wengi wakichukua kamera nzito na vioo vya picha, akawafunga punda na ng'ombe wawe chambo cha simba. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1905. Punda hawakuulizwa maoni yao.

Kamera za siku hizi hazihitaji uzi, unga wala mpagazi, na zimefanya mambo makubwa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2005, katika milima ya Udzungwa huko Tanzania, kamera ya mtego ilipiga picha ya sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, lakini sange huyu alikuwa na uso wa kijivu na kiuno cheusi, tena mkubwa kuliko wenzake wote waliojulikana. Wataalamu walikwenda kumtafuta, wakampata, na mwaka 2008 akapewa jina la kitaalamu, Rhynchocyon udzungwensis. Ana uzito wa gramu 700 hivi. Mnyama wa namna hiyo aliishi msituni miaka yote na elimu ya dunia haikuwa na habari zake.

Hapa Uganda, katika msitu wa Bwindi, mtaalamu wetu Badru Mugerwa ametumia kamera hizi kumchunguza paka wa dhahabu, mnyama ambaye hata askari wa mbuga waweza kufanya kazi miaka mingi wasimwone kwa macho. Nako Serengeti, tangu 2010, watafiti walifunga kamera 225 katika eneo la kilometa za mraba 1,125. Katika miaka mitatu ya kwanza walipata mafungu ya picha kiasi cha milioni 1.2, na watu zaidi ya 28,000 wa nchi mbalimbali walijitolea kuwasaidia kuzitazama. Sasa nataka msomaji alishike jambo moja kutoka huko Serengeti: katika mafungu hayo milioni 1.2, yaliyokuwa na mnyama ndani yake yalikuwa 322,653 tu. Ni zaidi kidogo ya robo. Yaliyobaki yalikuwa nyasi, upepo na jua. Basi mwanafunzi atakayefunga kamera nyumbani kwao akapata picha hamsini za jani la mgomba asivunjike moyo. Yumo katika kundi zuri.

Kwa nini jani lipigwe picha? Hapa yatupasa kujua jinsi chombo hiki kinavyohisi.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo jicho letu haliioni, iitwayo infraredi. Mbele ya kamera pana kidirisha cha plastiki nyeupe, na nyuma yake kihisi, yaani kifaa kinachotambua mionzi hiyo. Kidirisha kimechongwa kiwe na lenzi nyingi ndogo ndogo, nazo hugawa uwanja ulio mbele katika vipande kama vipande vya shamba. Mnyama mwenye joto akivuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine, kihisi hupata badiliko la ghafula, nacho huiamsha kamera. Kwa hiyo mambo mawili yatakiwa pamoja: pawe na tofauti ya joto kati ya kitu na mahali kilipo, na pawe na mwendo. Likikosekana moja, hapana picha.

Kutokana na kanuni hiyo ndogo twaweza kujua mambo mengi bila kuambiwa. Jani lililochomwa na jua, likitikiswa na upepo, lina joto na lina mwendo; kamera hudhani ni mnyama. Katika mchana mkali wa Februari, ardhi inapokuwa na joto karibu sawa na la mwili wa mbuzi, mbuzi aweza kupita asionekane na kihisi, kwa kuwa tofauti imepungua. Mnyama ajaye moja kwa moja kuielekea kamera huhisiwa kwa shida kuliko yule akatizaye mbele yake, maana hakivuki vipande upesi. Na nyoka, ambaye mwili wake hufuata joto la mahali alipo, hupita chini ya pua ya kamera kana kwamba hayupo. Hilo la nyoka tutalirudia, kwa maana limeleta dhuluma kubwa.

Usiku kamera huwasha taa ndogo za infraredi. Nyingine hutoa mwanga mwekundu hafifu ambao mtu akitazama vizuri auona. Nyingine hazionekani kabisa. Picha za usiku huwa nyeusi na nyeupe. Usimwulize mtu rangi ya mnyama wa usiku. Uliza umbo lake, mkia wake na mwendo wake.

Sasa tuitege. Ifunge katika kimo cha goti la mtu, si juu kama saa ya ukutani, kwa sababu wageni wetu wengi ni wafupi. Fyeka nyasi na vijiti vilivyo mbele yake. Usiielekeze mashariki wala magharibi. Sisi tupo kiasi cha nyuzi tatu tu kaskazini ya ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza karibu na mashariki kamili na kutua karibu na magharibi kamili, na kamera iliyoelekea huko hupigwa na jua machoni kila siku. Ielekeze kaskazini au kusini, tena iwe mshazari kidogo kwa njia ya mnyama. Usiweke nyama ili kuwavuta. Ukiweka nyama umebadili habari unayoitafuta, tena umewafundisha wanyama kwamba kwenu kuna karamu. Wakati wa mvua ipanguse lenzi kila unapokwenda, na utazame kama sisimizi hawajafanya mji ndani yake. Wakati wa kiangazi, watu wanapochoma nyasi, usiiache penye majani makavu.

Tena kuna adabu ya kamera. Omba ruhusa kwa mwenye boma, wajulishe majirani na mwenyekiti wa LC1, na usiielekeze kamwe penye njia ya choo au bafu. Mpaka wa Kongo si mbali, watu hupita na mizigo yao, na mtu akikuta sanduku lenye jicho limefungwa mtini ana haki ya kuuliza lamtazama nani. Aliyeambiwa mapema hana sababu ya kulivunja.

Jambo moja la saa. Kamera huandika saa kwa hesabu ya Kizungu, kuanzia usiku wa manane. Ikiandika 02:30, kwetu ni saa nane na nusu usiku. Ikiandika 20:50, ni saa tatu kasoro dakika kumi. Mwanafunzi akiandika katika daftari lake "saa mbili na nusu" kwa sababu aliona tarakimu ya 2, amemhamisha mnyama kwa muda wa saa sita, na hapana atakayejua kosa liko wapi. Andika tarakimu kama zilivyo kwanza, kisha uandike saa ya Kiswahili kando yake.

Tuje kwenye kusoma. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya somo, lakini hauna mnyama asiyeweza kupita katika boma la West Nile.

Mama mmoja amepotelewa na kuku watatu, na mayai ya kiota kizima. Wote nyumbani wanasema ni paka-mwitu, na mwanawe mkubwa ameshaweka fedha za kununua sumu mjini. Mwanafunzi anamwomba, "Mama, nipe siku saba kwanza." Mama anakubali kwa shingo upande. Kamera inafungwa katika mwembe, hatua tano kutoka kibanda cha kuku.

Usiku wa kwanza picha 61. Katika hizo, 58 ni jani la mgomba na tatu ni mama mwenyewe akienda kuwasha moto. Jani linakatwa. Usiku wa pili, 20:50, mbwa wa boma. 23:20, buku, yule panya mkubwa, akichukua punje za mahindi penye ghala. Usiku wa tatu, 01:14, mnyama wa kijivu, mgongo umeinuka na kichwa kimeinama chini, mkia mweupe kama pamba. Huyo ni nguchiro. Anapita hatua moja kutoka mlango wa kibanda, wala hageuki; anachokua wadudu ardhini. Usiku wa nne, 02:30, chini ya mwembe, mnyama mkubwa kama mbwa wa wastani, ana madoadoa, uso kama aliyevaa kitambaa cheusi machoni, na nywele za mgongo zimesimama. Ni fungo, naye anakula maembe yaliyoanguka. Usiku wa tano mvua, hakuna kitu. Usiku wa sita, 04:42, mbwa mwenye sikio lililokatika anasukuma ubao wa kibanda kwa pua. 04:44, mbwa huyo huyo ana kuku mdomoni. Usiku wa saba, 03:05, mnyama mrefu, mwembamba, miguu mifupi, mkia wa pete nyeusi na nyeupe urefu sawa na mwili wake, yupo juu ya paa la kibanda. Kanu. Anapigwa picha tisa kwa dakika sita, kisha anaondoka. Asubuhi kuku wote wapo.

Je, mwanafunzi aseme nini mbele ya mama?

Wengi watarukia kusema, "Mwizi ni mbwa, kesi imekwisha." Haikwisha. Picha zathibitisha kwamba mbwa mwenye sikio lililokatika alimchukua kuku mmoja usiku wa sita. Habari za kuku wale watatu wa kwanza hazimo, kwa sababu kamera haikuwapo. Kanu naye hakupanda juu ya paa kuhesabu nyota. Alitaka kuku, akashindwa kwa kuwa paa ni zima. Kanu hula panya na wadudu, na kuku pia akipata nafasi. Hatuwezi kumwita mwizi wala mtakatifu. Nguchiro na fungo ndio tuwezao kuwatetea vizuri zaidi. Walipita karibu na kibanda, mlango ulikuwa mbovu, nao walikuwa na shughuli nyingine. Chakula kikubwa cha nguchiro mkia mweupe ni wadudu, kama mchwa na mende. Fungo hula matunda, wadudu, hata jongoo ambao wanyama wengine huwatema. Kuku pia aweza kumla, lakini usiku ule alichagua embe.

Tena picha tisa si kanu tisa. Desturi ya watafiti wengi ni kuhesabu picha za mnyama wa namna moja zilizofuatana kwa muda usiozidi nusu saa kuwa ziara moja. Ukitaka kujua kama kanu wa leo ndiye wa juzi, linganisha madoa ya ubavuni. Kila kanu ana madoa yake, kama sisi tulivyo na alama za vidole.

Sasa fikiria kama sumu ingewekwa usiku wa kwanza. Nani angeila? Angeila wa kwanza kufika, naye kwa mpango wa picha zetu ni mbwa wa boma mwenyewe, aliyepita saa tatu kasoro. Kama angemkosa yeye, ingemngoja fungo. Na asubuhi mizoga ingeshukiwa na mwewe na kunguru, nao wangekufa. Kisha kuna watoto, ambao huokota kila kitu. Sumu haichagui. Mwezi wa Aprili 2018 katika mbuga ya Queen Elizabeth, karibu na kijiji cha Hamukungu, simba 11 walikutwa wamekufa, nao walidhaniwa kuwa wamelishwa sumu. Wanane kati yao walikuwa watoto. Tena sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 yamkataza mtu kumwua mnyama wa mwitu bila kibali.

Kwa upande wa mbwa, picha si fimbo ya kumpigia jirani. Mama yule angefanya vyema kwenda na mtu mzima mmoja na kusema kwa upole, "Mzee, shikamoo. Mbwa huyu amekuja kwangu usiku. Nimeutengeneza mlango wangu. Nakuomba nawe umfunge usiku." Mlango wenyewe ndio dawa kubwa. Ubao mmoja na misumari michache vingalizuia mbwa, na paa zima lilikwisha mzuia kanu.

Nimeyaacha mayai kwa makusudi. Kiota kizima kilipotea, na katika siku saba kamera haikuonyesha mnyama yeyote akila yai. Katika mabomba mengi ya maneno ya nyumbani, hapo ndipo mtu anapotajwa. Tuseme katika boma hilo anakaa mtoto wa ndugu, aliyeletwa kwa ajili ya shule. Watu watasema: kamera imekesha usiku saba, haikuona mnyama, basi ni mkono wa mtu, na mkono wa mtu ni wa yule mtoto. Ni hoja yenye sura nzuri, nayo ni ya uongo kabisa.

Kwanza, mayai yalipotea kabla ya kamera kufungwa. Pili, kamera huona mbele yake tu, kama mtu atazamaye kwa tundu la ufunguo. Aliyepita nyuma ya kibanda hayumo. Tatu, swila huingia katika banda la kuku akameza yai zima, asiache hata ganda, naye kama tulivyojifunza hana joto la kuiamsha kamera. Kenge hula mayai vilevile, tena hutembea mchana, wakati ardhi ina joto na kihisi ni kizito. Kwa hiyo kukosekana kwa picha hakumshtaki mtu. Kunatuambia tu kwamba hakuna mnyama mwenye damu moto aliyepita mahali pale, wakati ule, kwa namna ambayo kihisi kiliweza kumhisi. Mwanafunzi aweza kusahau majina yote ya wanyama niliyoyataja. Sentensi hiyo asiisahau, kwa sababu mtoto aliyeitwa mwizi katika nyumba isiyo ya baba yake hulichukua jina hilo mbali.

Kama wataka kuendelea na uchunguzi wa mayai, tazama maganda. Nguchiro hulivunja yai na kuacha maganda. Nyoka mmezaji haachi kitu. Tazama pia vijishimo na nyufa za ukuta, lakini usitie mkono.

Buku na panya hawakutajwa katika kesi ya mama, nao ndio walioonekana wanakula chakula cha watu waziwazi. Logiri imo katika kaunti ya Vurra, na nchi za juu za Vurra na Okoro zimejulikana miaka mingi kwa ugonjwa wa tauni. Viini vyake viligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na baadaye ikajulikana kwamba viroboto wa panya ndio wanaoueneza. Panya akifa kwa tauni, viroboto wake huuacha mwili uliopoa wakatafuta mwili mwingine wenye joto, pengine mtu aliyelala chini kwenye mkeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Virusi ya Uganda ina kituo chake Arua ambacho kimechunguza tauni kwa miaka mingi pamoja na wataalamu wa Marekani.

Basi kamera iliyofungwa penye ghala yaweza kukufundisha saa ambazo panya hutoka, njia waipitayo, na ni nani awawindaye: kanu, paka wa nyumbani, bundi akishuka. Anayewaua kanu na bundi wote kwa ajili ya kuku mmoja ajue kwamba amewaondolea panya baadhi ya adui zao. Sisemi kwamba kanu huzuia tauni. Hilo halitokani na picha zetu. Lakini panya wakionekana wanakufa ovyo ndani ya nyumba, usiwashike kwa mikono, na habari ipelekwe upesi kituo cha afya. Na mtu apatwaye na homa kali ya ghafula na uvimbe wenye maumivu kinenani au kwapani asingoje. Tauni huponywa kwa dawa za viuavijasumu zikitolewa mapema.

Shule nyingi hazina fedha za kununua kamera, na hata yenye nayo itakuwa na moja kwa darasa zima. Kuna njia ya zamani ambayo haigharimu kitu. Jioni chukua majivu yaliyochekechwa au mchanga laini, utandaze mbele ya kibanda upana wa hatua mbili, ulainishe kwa ubao. Asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa, soma. Paka ana vidole vinne na kucha hazionekani. Mbwa ana vinne na kucha zake zaonekana. Unyayo wa fungo hufanana na wa mbwa. Nguchiro huacha alama za kucha ndefu mbele ya vidole. Nungu huacha unyayo mrefu, na pengine mikwaruzo ya miiba yake iliyoburuzwa. Majivu yana sifa moja ambayo kamera haina: nyoka akipita huacha mstari wake. Ukiwa na kamera, tandaza majivu vilevile, mashahidi wawe wawili.

Andika kila kitu katika daftari: tarehe, tarakimu za kamera, mnyama, idadi, mvua au mbalamwezi. Na jina la mnyama liandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, Kilugbara au Kikakwa. Jina ulizwe kwa wazee, hasa waliokuwa wawindaji. Waonyeshe picha, nao mara nyingi watakuambia tabia za mnyama ambazo picha haionyeshi. Wazee wa kando ya Nile wanajua habari za vifaru weupe, ambao katika Uganda waliishi upande wetu wa magharibi ya mto tu. Baadhi yao walihamishiwa Murchison Falls mwaka 1961, na kabla ya katikati ya miaka ya 1980 vifaru wa asili ile walikuwa wamekwisha kabisa katika Uganda. Hapana aliyehitaji kamera kumwona kifaru. Hawa wadogo wa usiku waweza kwisha tusijue hata kwamba walikuwapo.

Maswali ya kujizoeza. Kamera iliyoelekea mashariki imepiga picha 200 kati ya 06:30 na 08:00, wala hapana mnyama hata mmoja. Eleza sababu mbili, na utaje saa hizo kwa Kiswahili. Kamera nyingine imempiga kanu saa 22:01, 22:03, 22:04, 22:50, 22:52, 03:10 na 03:11. Kwa desturi ya nusu saa, alizuru mara ngapi, na je, waweza kusema ni kanu wangapi? Vifaranga wanne wamepotea kati ya asubuhi na adhuhuri, na kamera haikupiga kitu; taja washukiwa watatu, na ueleze kila mmoja ungemtafutia ushahidi gani. Majibu yaletwe kwa mhariri wa sehemu ya Kiswahili kabla ya likizo, pamoja na mchoro wa nyayo zozote mtakazozikuta katika majivu; yaliyo bora yatapigwa chapa katika toleo lijalo.